20W-50 au 5W-30? Oili ya injini kwa magari ya Dodoma, na kilometa za kuimwaga

Ingia duka lolote la vipuri Dodoma mjini useme unataka oili ya injini, muuzaji atakuuliza: "Arobaini au twenti fifti?", yaani SAE 40 au 20W-50. Swali hilo lilitosha zama za Land Rover 109 na Peugeot 504. Siku hizi mnunuzi ana IST, Probox, Passo au Forester, na injini hizo zilitengenezwa zikitegemea oili nyepesi kuliko zote mbili anazotajiwa. Basi mtu analipia uzito asiouhitaji, kisha anamwaga kila kilometa 3,000 kwa hofu, huku filta ya hewa iliyojaa vumbi ikikaa miaka miwili bila kufunguliwa.

Namba za kwenye kopo

Katika 5W-30, namba ya mwisho inaeleza mnato wa oili injini ikishapata moto, na hupimwa kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Namba 30 maana yake mnato uko kati ya cSt (sentistoki, kipimo cha mnato) 9.3 na 12.5. Namba 40 ni kuanzia 12.5 hadi 16.3, na namba 50 hufika karibu 22. Namba ya mwanzo, yenye W, ni ya baridi: 20W hupimwa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, 5W kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri.

Hapo ndipo mafundi wengi husema W haituhusu, maana Dodoma hakuna barafu. Wamekosea nusu. Asubuhi ya Julai hapa hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na oili haisubiri barafu ndipo iwe nzito. Oili ya kawaida ya 20W-50 ikiwa kwenye nyuzi 40 huwa na mnato wa cSt 150 hadi 170, wakati 5W-30 huwa karibu 60 hadi 65. Kwenye nyuzi 14 pengo hilo linapanuka zaidi. Injini inalika sana katika sekunde zile za kwanza baada ya kuwasha, kabla oili haijapanda hadi juu kwenye kamshafti (mhimili unaofungua valvu), na hapo nyepesi inawahi kufika.

Hoja ya pili ni "Dodoma kuna joto, weka nzito." Joto la mchana la Novemba hucheza kwenye nyuzi 31 au zaidi kidogo. Lakini oili iliyo ndani ya injini inayofanya kazi huwa kwenye nyuzi 90 hadi 110, iwe uko kwenye baridi ya Makambako au Majengo hapa Dodoma, kwa sababu maji ya rejeta na themostati ndiyo yanayoamua. Kinachopandisha joto la oili ni mzigo, mwendo mkali, maji kupungua na rejeta iliyozibwa na vumbi na wadudu. Hayo hayatibiwi kwa kuongeza uzito wa oili.

Zikiwekwa bega kwa bega

| Oili | Inafaa wapi | Ikiwekwa pasipo pake |
|---|---|---|
| SAE 40 | Mashine za kusaga na injini kongwe za dizeli ambazo kitabu chake kinaitaja | Hupanda polepole asubuhi. Injini ndogo ya kisasa hupiga kelele ya cheni |
| 20W-50 | Injini za petroli za zamani zenye nafasi kubwa kwenye beringi. Bajaji na pikipiki ambazo kitabu chake kinaitaka | Mafuta ya gari huisha haraka, VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadili muda wa valvu kufunguka) huchelewa |
| 15W-40 (CH-4, CI-4) | Dizeli: injini za Toyota 1HZ na 1KZ-TE, Fuso | Katika petroli ndogo si sumu, ila ni nzito kuliko inavyotakiwa |
| 10W-40 | Petroli iliyochoka, inayokula oili | Haina faida kwenye injini isiyokula oili |
| 5W-30 | Toyota, Nissan na Mazda nyingi za petroli za kuanzia miaka ya 2000 | Kwenye injini iliyochakaa sana taa ya presha inaweza kuwaka ikiwa sailensa (injini inawaka gari limesimama) |
| 0W-20 | Magari ya mseto wa betri na petroli, na injini mpya ambazo kitabu au mfuniko wa oili umeandika hivyo | Haifai injini isiyoruhusiwa kuitumia. Mzigo mzito huimaliza |

Jedwali halimalizi maneno, hasa kwa injini iliyojaa mitaani kuliko zote: 1NZ-FE ya IST, Vitz za 1.5, Raum, Spacio, Probox na Premio za 1.5. Injini hii hutumia presha ya oili yenyewe kusogeza kamshafti ya upande wa hewa. Oili hupita kwenye wavu mdogo, ikaingia kwenye valvu ya VVT-i, ndipo isukume gia ya kamshafti. Kikaza cha cheni nacho kinategemea presha hiyohiyo. Ukiweka 20W-50, asubuhi utasikia cheni ikichakacha sekunde chache, na gari linakuwa zito kuondoka. Oili nzito ikichanganyika na masizi ya muda mrefu, wavu huziba na taa ya injini inawaka na msimbo wa hitilafu P1349 au P0011. Fundi asiyejua huuza sensa. Aliye makini hutoa wavu wa VVT-i na kuusafisha.

Mtu atakwambia geji ya presha ilipanda alipoweka nzito. Ni kweli ilipanda. Presha hupanda kwa sababu oili inakataa kupita, na ikizidi kiwango, valvu ya pampu hufunguka na kuirudisha kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini). Beringi inahitaji oili inayopita, si namba kubwa kwenye geji.

Kwa 1NZ tungechagua 5W-30 bila kusita, hata ikiwa na kilometa 200,000, mradi haili oili. 10W-30 nayo ni sawa ikiwa ndiyo iliyopo dukani. Kwa Prius na magari mengine ya mseto, kaa na 0W-20 inayotakiwa: injini yao huzima na kuwaka mara nyingi njiani, na kila kuwaka ni mwanzo mpya.

Injini inayokula oili ina hesabu yake. Premio za 1.8 na Wish zenye 1ZZ-FE za matoleo ya mwanzo zinajulikana kwa tabia hiyo: matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni ni madogo, huziba, na ringi za oili hukwama. Pima kwanza kabla ya kubadili namba. Jaza hadi alama ya juu, tembea kilometa 1,000, pima tena gari likiwa mahali palepale tambarare, asubuhi kabla ya kuwasha. Toyota huhesabu lita 1 kwa kilometa 1,000 kuwa mpaka wa mwisho. Ikiwa unaongeza nusu lita, panda hadi 10W-40 na endelea kuangalia. Ikiwa umevuka lita, uzito wa oili utakuchelewesha tu kulipa gharama ya ringi. Na kabla ya kulaumu ringi, angalia valvu ya PCV, inayovuta moshi kutoka ndani ya injini. Ni kipuri cha bei ndogo, na ikikwama wazi injini hunywa oili kama mgonjwa wa kiu.

Subaru Forester yenye turbo inastahili sentensi zake. Kwenye injini za EJ20 za turbo kuna kichujio kidogo ndani ya boliti inayopeleka oili kwenye turbo. Ukichelewesha kumwaga, matope meusi huziba hapo kwanza, na turbo hufa injini ikiwa nzima. Kwa gari hilo sintetiki (oili iliyoundwa kiwandani kwa kemikali) ya 5W-30 au 5W-40, kulingana na kitabu chake, si anasa.

Dizeli na pikipiki

Herufi za API (taasisi ya petroli ya Marekani) hutenganisha mambo mapema: S ni petroli, C ni dizeli. SL ilikuja mwaka 2001, SN 2010, SP 2020. Kopo lililoandikwa SF au SG pekee ni kiwango kilichokwisha kuondolewa, hata kama tarehe ya kutengenezwa ni ya mwezi uliopita. Kwa dizeli tafuta CH-4 au CI-4. Kopo lenye CF tu ni la zama zilizopita.

Land Cruiser ya 1HZ hunywa zaidi ya lita 9 pamoja na filta, Prado na Surf za 1KZ-TE kama lita 7. Oili ya dizeli huwa nyeusi baada ya siku mbili tatu, na hilo ni jambo jema: sabuni iliyomo inashika masizi yasigande kwenye vyuma. Anayemwaga kwa kutazama rangi atamwaga kila wiki. Dizeli mpya zenye kichujio cha masizi kwenye ekzosi ni habari nyingine kabisa. Hizo hutaka oili yenye majivu kidogo, iliyoandikwa ACEA C2, C3 (viwango vya Ulaya) au JASO DL-1 (cha Japani) kadiri kitabu kinavyosema. Ukiweka CI-4 ya kawaida, majivu yake hayaungui, yanabaki kwenye kichujio hadi kinaziba.

Bodaboda: tafuta JASO MA au MA2 kwenye kopo. Pikipiki hutumia oili moja kwa injini, gia na klachi, na oili nyepesi za magari huwekwa kemikali za kupunguza msuguano ambazo huifanya klachi iteleze ukipanda mlima na abiria wawili. Gia nazo huikatakata oili ikapoteza mnato mapema. Isitoshe, pikipiki nyingi za kazi hazina filta ya karatasi, zina wavu tu, kwa hiyo uchafu unabaki ndani. Lita 1 hivi, kila kilometa 2,000. Anayetembeza kilometa 120 kwa siku atazifikisha kwa siku 17, na hilo linamshtua mwenye pikipiki kuliko dereva.

Jenereta ndogo ya petroli ya nguvu farasi 5.5 ina lita 0.6 tu. Mwaga ya kwanza baada ya saa 20, kisha kila saa 100 au miezi sita.

Ya kawaida au sintetiki

Hapa fanya hesabu ya duka, si ya sifa. Chukua kilometa 15,000 na injini ya lita 4 kwa makadirio.

Oili ya kawaida ikimwagwa kila kilometa 3,000 ni mara tano: lita 20 na filta 5. Sintetiki ikimwagwa kila kilometa 7,500 ni mara mbili: lita 8 na filta 2. Kwa hiyo sintetiki inakuwa nafuu mradi bei ya lita haizidi mara mbili na nusu ya ile ya kawaida, bado hujahesabu filta tatu na ufundi wa mara tatu ulizookoa. Lakini ukilinganisha na oili ya kawaida nzuri inayomwagwa kila 5,000, ambayo ni mara tatu na lita 12, mpaka unashuka hadi mara moja na nusu. Hapo kwa mtu wa IST inayokwenda kazini na kurudi, oili ya kawaida au nusu sintetiki kwa 5,000 mara nyingi hushinda.

Sintetiki inajilipa kwenye turbo, kwenye gari la mseto, na kwa anayepiga safari ndefu za lami. Haijilipi kwenye injini inayovuja kwenye sili, maana unamwaga pesa chini ya gari. Na haijilipi kwa anayenunua sintetiki halafu anaimwaga kila kilometa 3,000 ileile. Huyo ni bora abaki na ya kawaida.

Kilometa 3,000, 5,000 au 10,000?

Swali halijibiwi bila kujua gari linaishije. Angalia wanne hawa.

Mtumishi anayekaa Area C na kufanya kazi Mtumba anatembea kama kilometa 17 kwenda na 17 kurudi. Kwa siku 22 za kazi ni karibu 750 kwa mwezi. Injini yake inapata moto kamili kila safari, barabara ni lami. Kilometa 5,000 zitamchukua miezi sita na nusu hivi. Huyu ndiye mtu wa 5,000 kwa oili ya kawaida, na 7,500 kwa sintetiki.

Mama anayetoka Makole kupeleka watoto shule na kupita sokoni hutembea kilometa 6 kwa siku. Kwa siku 26 ni 156 kwa mwezi. Akisubiri 5,000 atakaa miaka miwili na miezi minane! Na gari lake linateseka kuliko la Mtumba, kwa sababu injini haifiki joto la kukausha maji na petroli inayopenya kuingia kwenye oili. Julai anaweza kuona utando wa rangi ya maziwa chini ya mfuniko wa oili. Kama maji ya rejeta hayapungui na kijiti cha kupimia hakina utando huo, ni unyevu tu, si gasketi. Kwake kilometa hazina maana: amwage kila miezi sita, na mara moja kwa wiki mbili alipeleke gari hadi Ihumwa na kurudi.

Dereva wa gari la ofisi anayesubiri na kiyoyozi kikiwaka. Kwa makadirio yanayotumika sana, saa moja ya sailensa huchosha oili kama kilometa 40. Saa mbili kwa siku kwa siku 22 ni kilometa 1,760 kwa mwezi zisizoonekana kwenye dashibodi. Gari lake likisoma 5,000 limeshafika mbali zaidi. 3,500 inamfaa.

Noah inayokwenda Singida na kurudi, kama kilometa 480 kwa safari, injini ikikaa kwenye mzunguko uleule muda mrefu. Hiyo ndiyo kazi rahisi kuliko zote kwa oili. Sintetiki nzuri inaweza kufika 10,000, mradi kijiti kinapimwa kila safari ya pili. Ikianza kuingia vijijini kwa njia ya vumbi, rudi 5,000.

Vumbi ndilo linalotutofautisha na vitabu vya Japani. Kuanzia Juni upepo wa hapa kati hubeba mchanga laini ambao ni silika, na silika inakwaruza silinda na ringi kama msasa. Kumwaga oili mapema hakuzuii mchanga kuingia; huutoa baada ya kazi kuharibika. Fungua boksi la filta ya hewa kila kilometa 2,500 wakati wa kiangazi. Ukipuliza upepo, puliza kutoka upande wa ndani kwenda nje, kwa mbali, maana upepo wa kompresa ukikaribia hutoboa karatasi tundu usiloliona. Kisha pitisha kidole ndani ya bomba kati ya filta na throto. Ukitoka na vumbi, kuna kibano kilicholegea au bomba limepasuka, na hakuna oili ya bei yoyote itakayokuokoa.

Gari lililotoka bandarini halina historia unayoweza kuiamini. Mwaga mara moja, weka filta mpya, kisha mwaga tena baada ya kilometa 2,000. Usikubali kusafishwa injini kwa dizeli au mafuta ya taa: kiasi hubaki kwenye sampu na kwenye njia za oili, na oili yako mpya inakuwa nyepesi tangu siku ya kwanza.

Kazi yenyewe

1NZ-FE inachukua lita 3.7 pamoja na filta, 3.4 bila filta. Kopo la lita 4 linabakiza 0.3 za kuongezea. Fundi akilimimina lote umezidisha. Kuzidisha kidogo hivyo hakuui injini, ila ikizidi lita nzima krankshafti (mhimili mkuu wa injini) huipiga ikawa povu, na povu halibebi beringi.

Washa injini dakika tano, zima, fungua nati ya kumwagia kwa spana 14, iache ichuruzike dakika kumi na tano. Badilisha wosha ya nati hiyo. Ile ya zamani imeshabonyea, na ndiyo inayomfanya fundi akaze hadi nyuzi za sampu zikatike. Filta ya 90915-YZZE1 ndiyo inayoingia. Kabla ya kuifunga tazama kama mpira wa filta ya zamani umebaki umeganda kwenye injini: mipira miwili ikikutana, oili yote hutoka barabarani ndani ya dakika chache, na injini inanoki kabla hujafika Nzuguni. Paka oili kwenye mpira mpya, zungusha kwa mkono hadi uguse, ongeza robo tatu ya mzunguko. Jaza lita 3.5, washa dakika moja, zima, subiri dakika tano, pima, malizia. Andika kilometa na tarehe vyote viwili kwenye kadi.

Usinunue oili ya kupima kutoka kwenye pipa lililo wazi, hata muuzaji akiwa jirani yako. Kopo liwe na sili isiyoguswa, alama ya TBS, na namba ya toleo iliyochapwa isiyofutika kwa kidole. Baada ya kumimina, rudishia oili chafu kwenye kopo lilelile na uipeleke gereji inayokusanya. Mfereji wa mvua haufai, na kwenye nguzo za banda la mifugo kwa ajili ya mchwa haifai zaidi, maana mbuzi huilamba, na ndani yake mna madini ya risasi na masizi. Kopo likishamwagwa huko, lipasue kwa kisu palepale. Kopo zima lenye stika safi lina mnunuzi wake, na litarudi dukani likiwa na oili isiyo yake.